Kundi la WhatsApp linasema hivi, hospitali ilisema vile: nimuuguze vipi mume wangu aliyepata kiharusi?

BARUA

Habari za kazi, Dawati la Ushauri.

Mume wangu ana miaka 54. Mwezi uliopita alianguka bafuni, na kipimo cha CT kikaonyesha mshipa wa damu umeziba upande wa kushoto wa ubongo. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na neno pekee linalomtoka ni "ndiyo", hata pale anapokataa. Tumeruhusiwa wiki iliyopita. Amerudi na mpira wa kulishia puani, mpira wa mkojo na dawa nne: nifedipine ya presha, miligramu 20 asubuhi na jioni, losartan ya presha pia, aspirini ya kuzuia damu kuganda na atorvastatin ya kolesteroli. Kliniki ni baada ya wiki 3.

Siku ya kutoka wodi ilikuwa imejaa, nesi akanielekeza mambo mbiombio. Jirani akaniunga kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaouguza wagonjwa wa kiharusi, na kwa kweli sina cha kuwalipa. Nikiuliza saa 8 usiku, yupo anayejibu. Humo ndimo nilimojifunza kutandika shuka mgonjwa akiwa kitandani, na humo nimepata kitimwendo cha kuazima.

Lakini kuna yanayonitia wasiwasi. Nimeambiwa vidonge vyote nivisage pamoja na kuvitia kwenye uji. Presha yake sasa ni 124/78, na mmoja anasema ikishafika hapo dawa zipumzishwe, zisije zikaharibu figo. Wengine wanahimiza nimkande mguu kwa taulo la maji moto na mafuta kila jioni, na mama mkwe anakubaliana nao. Yupo pia anayenifuata pembeni kuniuzia dawa ya kuzibua mishipa. Shemeji yangu amesoma hayo kwenye simu yangu, akasema nijitoe kabla sijammaliza kaka yake.

Juzi nimeona doa jeusi juu ya makalio, kwenye mfupa. Bega la kulia linamuuma sana tunapomwinua. Na kuna nyakati machozi yanamtoka bila kuambiwa lolote. Nimsikilize nani?

Mke wa Mgonjwa, Morogoro

JIBU

Dada, pole kwa kuuguza. Kundini usijitoe. Lakini kabla ya kuzungumzia kundi, kuna kidonge kinachohitaji kushughulikiwa leo hii.

Nifedipine ya miligramu 20 inayotolewa kwa wingi ni ile iliyotengenezwa itoe dawa polepole kwa saa nyingi. Tazama pakiti: utaona neno Retard au herufi SR. Kidonge cha namna hiyo hakisagwi. Ukikisaga, dawa iliyopaswa kuenea nusu siku nzima inaingia mwilini kwa mkupuo, presha inaporomoka, na ubongo ambao tayari una sehemu iliyokosa damu unazidi kunyimwa. Kama umeshaanza kukisaga, acha. Lakini usimwache bila dawa ya presha: chukua pakiti zote nne, nenda nazo leo hospitali iliyowaruhusu au hospitali ya karibu yenye daktari, useme hivi: "Mgonjwa anakula kwa mpira, naomba dawa zinazoweza kusagwa." Zipo. Amlodipine husagika, ila kiwango chake aandike daktari. Losartan na atorvastatin za kawaida nazo husagika. Aspirini uliza kama ni ile yenye ganda la kulinda tumbo. Ganda hilo likisagwa halilindi tena, na vipande vyake huziba mpira. Ipo aspirini isiyo na ganda, inayeyuka kwenye maji.

Na vidonge vyenyewe havichanganywi na uji. Akishindwa kumaliza uji, hutajua ameingiza dawa kiasi gani. Saga kimoja kimoja mpaka kiwe unga laini, koroga na maji mililita 10 hadi 15, pitisha, suuza kwa maji kidogo, ndipo kingine. Kabla ya dawa ya kwanza na baada ya ya mwisho pitisha mililita 30 za maji safi yaliyochemshwa yakapoa.

Tukiwa bado kwenye mpira wa puani: kila kabla ya kumlisha, angalia alama pale mpira unapoingilia puani. Kama hospitali hawakuiweka, waombe wapime na kuweka alama kwa kalamu isiyofutika. Alama ikiwa imesogea nje, au mpira umejikunja mdomoni, au anakohoa kila unapoanza kumimina, usimlishe. Mpira ukichomoka, funga safari ya hospitali. Kwenye makundi huzunguka video za kuurudisha mwenyewe. Hizo zipite tu. Mgonjwa wa kiharusi anaweza asikohoe hata mpira ukiingia kwenye njia ya hewa, na uji utakaofuata utaishia kwenye mapafu.

Chakula chenyewe: mkalishe wima, mgongo ukiegemea mito, angalau nusu ya njia kati ya kulala na kukaa. Uji wa lishe, supu au matunda yaliyosagwa yapite kwenye chujio la chai lenye matundu madogo. Chukua sirinji ya mililita 50, toa kisukumio, iunganishe na mpira, mimina, uache uteremke wenyewe kwa uzito wake. Milo 5 au 6 kwa siku, mililita 200 hadi 300 kila mlo, kila mmoja uchukue dakika 15 hadi 20, ndiyo kawaida ya watu wazima wengi, ila kama hospitali walikupa kipimo chao, fuata hicho. Akimaliza abaki amekaa kwa saa moja. Mpira ukiziba, jaribu maji ya uvuguvugu kwa sirinji hiyo hiyo kubwa, ukisukuma na kuvuta taratibu. Sirinji ndogo hutoa msukumo mkali na inaweza kupasua mpira, na soda usiitie, hugandisha maziwa ndani yake.

Jambo linalosahaulika karibu kila nyumba: mswaki. Kwa kuwa hali kwa mdomo, watu huacha kumsafisha kinywa, na vijidudu vilivyojaa humo huteremka na mate hadi kwenye mapafu. Mpige mswaki mara mbili kwa siku kwa brashi laini na dawa kidogo sana, akiwa amekaa, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu. Wala usimwonjeshe maji "ili akumbuke kumeza". Maji matupu ndiyo magumu zaidi kumeza kwa mtu wa namna yake, kwa sababu hukimbia kooni kabla misuli haijajiandaa. Kumeza kupimwe kwanza na mtaalamu.

Sasa presha. 124/78 maana yake dawa zinafanya kazi, na zikikatishwa namba hupanda tena ndani ya siku chache. Presha yenyewe ikiachwa juu ndiyo inayoharibu figo, na losartan mara nyingi huandikwa ili kuzilinda. Pima asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwenye mkono wa kushoto, maana uliopooza unaweza kutoa namba zisizo sahihi. Apumzike dakika 5, mkono ukae usawa wa moyo, pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, andika zote kwenye daftari. Namba ya juu ikishuka chini ya 100 na akawa mlegevu au mwenye usingizi usio wa kawaida, piga simu hospitali kabla ya kumpa dozi inayofuata. Ikifika 180 kwa 120, mpumzishe dakika 5 urudie; isiposhuka nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kama kuna kichwa kuuma sana, kutapika au udhaifu mpya, usisubiri hata kurudia.

Kumkanda kwa maji ya moto tunakataa kwa sababu mbili. Upande uliopooza mara nyingi hausikii joto sawasawa: taulo linalokuunguza wewe linaweza kumbabua yeye na asiseme neno, na huyu wako hata kusema hawezi. Pili, mguu usiotembea huganda damu kwa urahisi kwenye mishipa ya ndani, na kuukandamiza wakati damu imeganda kunaweza kupeleka bonge hadi kwenye mapafu. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kigimbi (shavu la nyuma) cha kila mguu, sentimita 10 chini ya ule uvimbe wa mfupa ulio mbele, chini kidogo ya goti. Mguu wa kulia ukiuzidi wa kushoto kwa sentimita 3 au zaidi, au ukiwa umevimba, una joto na unauma, ni hospitali leo. Vigimbi vikiwa sawa, mafuta ya kulainisha ngozi yapakwe kwa mkono mwepesi, bila moto.

Mama mkwe usimwambie tu aache. Anataka kumgusa mwanawe na kumsaidia, na ipo kazi ya mikono inayomfaa kweli: kunyoosha viungo. Aanze na vidole, kisha kifundo cha mkono, kiwiko, kisha kifundo cha mguu, goti, nyonga. Kila kiungo mara 10, polepole, mara 2 au 3 kwa siku, akisimama pale panapogoma bila kulazimisha. Bega lisiinuliwe kupita usawa wa kifua mpaka mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) amwone.

Maana bega hilo tayari lina shida, na tunadhani chanzo ni namna mnavyomwinua. Misuli iliyolegea haishikilii mfupa wa mkono kwenye kikombe chake. Ukimvuta kwa mkono au kumbeba kwa kwapa, mfupa unateleza. Kuanzia leo hakuna anayemshika kwapa wala kumvuta mkono wa kulia. Kumhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kitimwendo, weka kiti upande wake wa kushoto, ule wenye nguvu, kikielekea kitanda kwa mshazari, breki zote mbili zikiwa zimefungwa na vya kukanyagia vimeinuliwa. Mkalishe ukingoni, nyayo zote ziguse sakafu. Mfunge khanga kiunoni kwa nguvu, iwe mahali pa kumshikia. Simama mbele yake, magoti yako yakizuia goti lake la kulia lisikunjike, mwambie ainame mbele, hesabuni mpaka tatu, umwinue kwa khanga huku ukigeuka naye. Wawe watu wawili mpaka mzoee. Akikaa au kulala, mkono wa kulia ulale juu ya mto, usining'inie. Kumvika shati, anza na mkono uliopooza; kumvua, anza na ulio mzima.

Doa la juu ya makalio lisisubiri kliniki ya wiki 3. Bonyeza kwa kidole sekunde chache kisha achia, ulinganishe na ngozi ya jirani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, kwa hiyo tafuta weusi usiofifia, ugumu, joto au ubaridi unaotofautiana na pembeni. Hicho ni kidonda cha kulalia kinachoanza chini kwa chini, na ngozi ingali nzima. Ukikisugua au kukikanda unakamilisha uharibifu. Kinachokitibu ni kuondoa uzito juu yake. Mlaze upande mmoja, saa 2, kisha upande wa pili, saa 2, usiku na mchana, na kwa sasa chali aepuke kabisa isipokuwa wakati wa kula. Haina haja alale ubavu kamili: mwinamishe kiasi, mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti, na mto chini ya vigimbi ili visigino vielee hewani. Akilalia upande uliopooza, mvutie bega lake mbele kidogo, msilikandamize. Baada ya ile saa moja ya kula, teremsha mgongo, kwa sababu akiketi nusu nusu muda mrefu huteleza na ngozi hujivuta palepale kwenye doa. Kumsogeza juu kitandani, watu wawili wamnyanyue kwa shuka iliyokunjwa chini yake, kumburura huchuna. Ule mpira wa duara wenye tundu, ambao wengi humwekea mgonjwa chini ya makalio, hubana damu pembeni ya tundu, uache. Godoro la hewa linasaidia, ila halifuti kumgeuza. Ngozi ikipasuka, ikatoa malengelenge au harufu, apelekwe.

Hapo ndipo shemeji anaingia. Kugeuza kila saa 2 hakuwezi kubebwa na mtu mmoja. Mgawie zamu ya saa 4 usiku hadi saa 8, wewe ulale chumba kingine simu ikiwa mbali, kisha ushike saa 8 hadi alfajiri. Bandika ukutani karatasi ya saa na upande aliolazwa, kila anayemgeuza aandike.

Machozi yana sababu mbili zinazofanana kwa nje. Kiharusi chenyewe huweza kulegeza breki za hisia, mtu akalia au kucheka ghafla kisha akanyamaza dakika moja baadaye. Hapo mshike mkono, badilisha mazungumzo, msimuulize "unalia nini" mara tano. Lakini takriban mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Akionekana na huzuni siku nzima kwa wiki 2, halali, hataki mazoezi, mwambie daktari, kwani ina tiba na ikiachwa hurudisha nyuma kupona kwa mkono na mguu. Kuhusu "ndiyo" yake, sehemu ya ubongo inayotoa maneno ndiyo iliyoumia. Akili yake ipo na aibu yake ipo. Muulize swali moja fupi, subiri sekunde 10, jibu alitoe kwa kidole gumba juu au chini. Chora kadi za choo, maji, maumivu, baridi, geuza. Mwimbieni nyimbo alizozipenda; wengi waliopoteza maneno huweza kuyaimba. Na msimjadili mbele yake kana kwamba hayupo.

Mpira wa mkojo kwa ufupi: mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, umwagwe kabla haujajaa, na sehemu unapoingilia ioshwe kwa sabuni na maji kila siku, ukifuta kutoka mwilini kwenda nje.

Turudi kwenye kundi. Tofauti tunayokuomba uishike ni hii: chochote kinachoingia mwilini mwake au kinachokatishwa, yaani dawa, dozi, mpira, mitishamba, kumeza, kiamuliwe hospitali. Chochote kinachofanywa kwa mikono yenu nyumbani, kuanzia kumwogesha, pampasi zinazodumu, kiti cha choo, zamu, hata uchovu wako, kiulize kundini, kwa sababu watu hao wanajua mambo ambayo karatasi ya kuruhusiwa haina. Dawa iliyomfaa mgonjwa wa mwenzako inaweza kumdhuru wako: aspirini hupewa aliyeziba mshipa, na kwa aliyepasuka mshipa inaweza kuongeza damu kuvuja. Kundini wote wawili huitwa "mgonjwa wa kiharusi".

Ndiyo maana uliza kwa ukamilifu. Mfano: "Mwanaume, 54, mshipa uliziba, wiki ya 5, kapooza kulia, anakula kwa mpira. Ana kilo 80, mimi 58. Naomba namna ya kumgeuza nikiwa peke yangu." Anayekujibu naye muulize: wako alikuwa na aina gani, na baada ya wiki 2 ikawaje? Mwenye uzoefu hujibu bila kusita. Anayekufuata pembeni kuuza dawa ya kuzibua mishipa mzuie, na umjulishe admini, maana anawafuata na wengine. Picha ya doa la makalio usiiweke kundini. Picha za WhatsApp zinaweza kujihifadhi zenyewe kwenye simu za wanachama, na mumeo hajaulizwa. Mtumie nesi au daktari peke yake, bila sura, ukiweka sarafu karibu na doa ili ukubwa uonekane.

Mdomo kwenda upande upya, usingizi usioamshika, degedege, homa ya 38 au zaidi, kupumua haraka, kinyesi cheusi kama lami: kwa hayo usiulize popote, ita gari.

Siku ya kliniki nenda na daftari la presha, pakiti za dawa na ile karatasi ya ukutani. Omba apimwe kumeza, ili ijulikane kama mpira wa puani unaweza kutoka. Omba rufaa ya fiziotherapia na ratiba ya mazoezi ya nyumbani iliyoandikwa, kwani miezi 3 ya mwanzo ndiyo ambayo mwili hurudisha mengi kwa kasi, ingawa kupona huendelea baada ya hapo. Uliza kama kuna mtaalamu wa tiba ya usemi; ni wachache nchini, hivyo jina liingizwe mapema. Na uliza mpira wa mkojo uliwekwa lini, utabadilishwa lini, na kama bado anauhitaji. Ule wa kawaida usio wa silikoni haupaswi kukaa zaidi ya wiki 4 hivi, na kwa mahesabu ya barua yako huenda muda wake ukaisha kabla ya kliniki. Hilo ulizia leo, ukipeleka zile pakiti za dawa.